Ghorofa Tatu Ndani ya Themosi

“Leteni themosi yoyote ya chakula!” shangazi yangu alitangaza mbele ya mkutano mzima wa mafundi wa soko, kipaza sauti mkononi kama amezaliwa nacho. “Nitaijengea ghorofa ndani, na kila ghorofa mtakula cha moto!”

Tangu siku hiyo anaitwa Mama Ghorofa, yeye ambaye hajawahi kulala juu zaidi ya urefu wa kitanda. Balbu ikiungua sebuleni anaita jirani, maana hata stuli inamtia kizunguzungu.

Kazi yake ni kukata bati lisiloshika kutu, kulikunja na kuligonga kwa nyundo ya mbao mpaka ligeuke kuwa vibakuli vya duara. Kimoja kinakaa juu ya kingine, vyote vinazama ndani ya themosi yenye mdomo mpana: supu chini, viazi katikati, mboga juu. Rula hatumii. Anaingiza mkono ndani ya themosi, anazungusha vidole kama daktari wa ng'ombe, anatoka na jibu. Niliwahi kumsahihisha mara moja, kwa kipimo cha chuoni. Kipimo ndicho kilichokuwa kibovu.

Mwaka jana alikuja dereva wa kreni, mwembamba kama kreni yenyewe. Alikuwa na vidonda vya tumbo. Daktari alimwambia ale chakula laini cha moto kila mchana, la sivyo aache kazi. Sasa, kushuka kutoka kibanda chake juu ya kreni na kupanda tena ni karibu saa nzima, na msimamizi wa ujenzi alishasema hasimamishi zege kwa ajili ya tumbo la mtu. Alimpa mwezi mmoja: apate nafuu au ampishe mwingine.

Shangazi akamtengenezea ghorofa tatu, kila moja na kifuniko chake. Siku ya tatu jamaa akarudi nazo.

“Mama, chakula kinafika cha moto.”

“Si nilikuambia?”

“Na kinarudi chini cha moto vilevile. Vifuniko havifunguki.”

Shangazi akavifungua vyote vitatu kwa pumzi moja. “Hivi ndivyo vilivyokushinda? Au hata soda unafunguliwa na mkeo?”

“Ungekuwa kule juu, mama yangu, usingesema hivyo.”

Shangazi akaweka nyundo chini. “Basi nipeleke.”

Nilidhani ni utani. Jumamosi, kazi ikiwa imesimama, alifungwa mkanda, akavishwa kofia ngumu, dereva akatangulia.

“Mama, ukifika nusu ukaogopa, piga kelele tu,” msimamizi alimwambia huku anacheka.

“Wewe nishikie viatu.”

Vidato mia mbili na kitu. Kwenye cha sitini hivi alisimama, akakumbatia ngazi kwa mikono yote miwili, na hapo hata msimamizi aliacha kucheka. Nikasema moyoni, basi, tutamteremsha kwa kamba. Kisha mguu mmoja ukasogea. Mwingine ukafuata. Nilitazama nyayo zile zikipungua mpaka zikawa kama punje mbili za mchele, na shingo yangu ikagoma kabla yake.

Alishuka baada ya saa nzima, akakaa kwenye mchanga.

“Zege likimwagwa, yeye anasubiri, na hapo ndipo anapata dakika za kula,” alisema. “Lakini mkono wa kushoto hautoki kwenye wenzo wa kuendeshea. Akiuachia, mashine inazima, ndoo inabaki inaning'inia juu ya vichwa vya watu. Mimi nimemtengenezea mtu wa mikono miwili.”

Wiki mbili zilizofuata alifunga mkono wake wa kushoto kwenye mguu wa meza kwa kitambaa, akala hivyo kila mchana. Supu ilimmwagikia mapajani mara nne. Ya tano ilinimwagikia mimi. Mwishowe alitupa vifuniko vyote isipokuwa cha juu kabisa. Kitako cha kila kibakuli ndicho kikawa kifuniko cha kilicho chini yake. Ukingoni akachora mfereji mwembamba wa kutolea mvuke ili visinyonyane, na kila kimoja akakitilia sikio la kuinulia kwa dole gumba. Kwa sikio hilohilo kinatundikwa kwenye ndoano mbele ya dereva. Nilikifungua kwa mkono mmoja, nikakifunga, nikakifungua tena.

Mwezi ulikuwa umebakiza siku mbili. Saa saba mchana tulisimama chini, msimamizi na redio yake ya mkononi, ndoo ya zege ikiwa juu inamwagwa. Haikutikisika. Ikamaliza, ikageuka taratibu, ikarudi kuchukua nyingine. Redio ikakoroma.

“Mama Ghorofa yupo hapo?”

“Nipo, mwanangu. Umekula?”

“Nimeungua ulimi.”

Shangazi akageukia ukuta, akajifuta uso kwa kiganja. Msimamizi alitazama juu, kisha akabonyeza redio.

“Mwezi ujao uje kama kawaida.” Akamgeukia shangazi. “Nina madereva wengine wawili. Unauzaje?”

“Ghorofa tatu, themosi unakuja nayo mwenyewe, elfu kumi na nne.”