Chambo Nilichopika Edani

Nilipokaa eda ya mume wangu, dunia yangu ilikuwa chumba kimoja cha mabati, ua wenye uzio wa miba, na jiko la makaa. Mji wa Garissa niliusikia tu: honi za malori, adhana, wauza maji wakigombana na punda wao. Nguo nyeupe, hakuna wanja, hakuna hina, hakuna manukato. Hayo sikuyalalamikia, dini ni dini. Kilichonikaba ni kile kilichoningoja eda ikiisha.

Mimi ni mtu wa mtoni, kwetu ni ng'ambo ya Tana, na samaki nimekua naye. Mume wangu alikuwa Msomali, mtoto wa wafugaji. Alipofundishwa kuvua na kaka zangu, mama yake alimnunia mpaka majirani wakaingilia kati, maana kwao samaki ni chakula cha mtu aliyekosa mbuzi. Yeye hakujali, alikuwa amenogewa. Alivua kwa nyungunyungu wa plastiki, wale laini wanaoletwa kutoka Nairobi, na alipoona wanakwama kwenye visiki na kukatika, akajifunza kuwatengeneza mwenyewe. Akawa anawauzia walimu na askari wa daun Kenya, ndivyo huku wanavyoitwa watu wa sehemu nyingine za nchi, wanaokuja mtoni wikendi. Kisha homa ikamchukua. Akaniachia binti aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kusema, vibao vyake vya jasi, na, chini ya kitanda, chupa za ile plastiki ya majimaji ya kupikia chambo.

Nilianza kupika chambo kwa sababu mikono ilinilemea. Kibao ni unga wa jasi, ule mafundi wanaopigia dari. Unakorogwa kama uji, nyungunyungu mmoja analazwa ndani mpaka nusu, na ukikauka unabaki mfereji wenye umbo lake, pingili kwa pingili hadi mkiani. Unaupaka gundi ili jasi isinyonye, kisha mafuta kidogo ya kupikia. Plastiki yenyewe ni nyeupe mfano wa maziwa. Ukiipasha moto inaganda mabonge, unakata tamaa, lakini ukizidi kukoroga inalegea na kung'aa, na hapo ndipo unapomimina. Moto ukizidi inageuka njano na moshi wake unakata koo, kwa hiyo nilipikia uani, upepo ukiwa mgongoni. Ikipoa unavuta mkia, na mdudu anatoka mzima, anatikisika. Nilimwonea wivu. Yeye alitoka alimofungiwa kwa kuvutwa mkia tu.

Jirani yetu, ambaye mumewe ni mvuvi, ndiye aliyenipelekea chambo mtoni kikauzwe.

Kilichoningoja kinaitwa dumaal: mjane huolewa na ndugu wa marehemu. Shemeji yangu ana mke tayari, na hufanya biashara ya mbuzi, leo yuko hapa, kesho yuko soko la Griftu. Si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningejua pa kuanzia. Lakini sikumtaka, na kwa desturi ya nyumba ile mtoto ni wa ukoo wa baba. Nikikubali ndoa, nakaa na binti yangu. Nikikataa niko huru kwenda kwetu, mimi peke yangu. Usiku na mchana nililizungusha jambo hilo kichwani, na kila nilipolizungusha nilirudi palepale.

Eda ilipokuwa inakaribia kwisha, jirani alirudi na malalamiko. Samaki wanagusa chambo na kukitema, kinanuka plastiki. Marehemu alikuwa akitia mafuta ya shamari, nayo yalikuwa yamekwisha. Basi nikafungua sanduku langu, nikatoa mafuta ya udi ya harusi yangu, ambayo sikuwa na ruhusa hata ya kujipaka kidoleni. Kambare hufuata harufu yoyote iliyo kali. Nikayamimina kwenye sufuria ya moto, na ua mzima ukanukia bibi harusi. Wallahi sikuwaza lingine. Aliyezaliwa mtoni huwaza samaki.

Mama mkwe wangu, ambaye nilimwita hooyo, alitoka mbio zizini, shungi limelegea.

"Mwanangu, hiyo harufu imefika mbaka kwa mbuzi."

"Hooyo, ni ya chambo. Nimeitia kwenye plastiki."

"Chambo?"

"Cha samaki, hooyo."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Samaki nataka udi? Wacha aibu. Eda nabaki kidogo tu, Allah nasamehe. Mwanamke akitoa udi, moyo yake imesema. Alhamdulillahi, wewe nakaa na sisi."

Akanikumbatia. Tangu msiba hakuwa amenikumbatia, na mikono yake ilikuwa mizito shingoni mwangu. Nilitaka kulia, nikashindwa. Kabla ya alasiri alikuwa ameshampigia shemeji simu.

Shemeji alifika siku ya pili, akasimama nje ya pazia.

"Shemeji, mama ameniambia umekubali."

"Mama amenusa chambo cha samaki."

 Nilisikia viatu vyake vikisugua mchanga.

"Kwa hivyo hukubali?"

"Sikubali."

Nikakaa chini.

"Hakuna mtu nalazimisha wewe," alisema kwa upole. "Lakini mtoto ni yetu. Hiyo nafahamu?"

"Nafahamu."

Eda ilipokwisha nikaoga, nikavaa nguo ya rangi. Hooyo mwenyewe ndiye aliyeondoa mti wa miba langoni, binti yangu akiwa mgongoni kwake. "Nenda, salimia mama yako," aliniambia. "Mtoto nabaki na mimi." Hakusema kwa ukali. Nikatembea hadi darajani. Askari wa kizuizi, ambao humwuliza kila mtu kitambulisho, siku hiyo hawakuniuliza chochote. Katikati ya daraja niliiona migomba ya kwetu, na moshi wa watu wanaopika chakula cha mchana. Hakuna aliyenizuia. Nilishika chuma cha daraja kikaniunguza kiganja, nikaendelea kukishika, kisha nikageuka nikarudi.

Binti yangu alikuwa amelala kivulini. Chakula changu kilikuwa kimeshapakuliwa, kimefunikwa kwa sahani, bado cha moto. Hooyo hakuinua hata kichwa kutazama nani ameingia.