Mfupa Uliovunjika Mikononi Mwangu

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa kumi na moja, mwaka wa elfu mbili na saba, hapa mtaa wa Kaptembwo, Nakuru, nilipovunja mkono wa mtoto wa watu nikanyamaza. Nakwambia hilo kwanza, mwanangu, wewe unayekwenda kutunza watoto na wagonjwa wa watu, usije ukanisikiliza ukidhani nimezaliwa na busara.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Mama mkwe wangu, Bi Rehema, alikuwa amenifundisha kukanda watoto wachanga kwa mafuta ya nazi, kama walivyofanya kwao pwani kabla hawajahamia Nakuru. Mtoto unamkanda mgongo, unamnyoosha miguu, kisha unamvusha mikono kifuani, huu huku na huu kule, ili viungo vilegee. Ploti nzima, nyumba zote za kupanga uani kwetu, walikuwa wakiniletea watoto wao, wa dini zote na makabila yote. Nami nikavimba kichwa, wee! Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Jirani yangu Mama Brian alikuwa akifulia watu nguo huko mjini. Mumewe alikuwa utingo wa lori, usiku mwingi akilala Mai Mahiu, kwenye kituo cha malori, kuliko nyumbani. Asubuhi hiyo Mama Brian aliniachia Brian, mtoto wa miezi mitano, mwenye macho ambayo weupe wake ulikuwa na usamawati kidogo. Mimi nikiyaona ni urembo tu. Nilimkanda kama nilivyowakanda wengine wote. Nilipouvusha mkono wa kushoto nikasikia mlio mdogo, kama njiti ya kiberiti ikivunjika. Akalia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake. Nikamfunga kwa leso, nikamlaza.

Mama yake aliporudi aliona mtoto hainui mkono. "Mama Salma, kwani alianguka?"

"Hakuanguka," nikamjibu.

Na kweli hakuanguka. Sikusema uongo hata neno moja, mwanangu, na ndiyo maana jibu lile linaniuma mpaka leo.

Hospitalini walimpiga eksirei. Wakaona mfupa mpya uliovunjika, na mbavu mbili zilizokuwa zimevunjika zamani zikajiunga zenyewe. Mtoto wa miezi mitano! Wakamuuliza mama nani anampiga. Akasema hajui. Nani angemwamini? Brian akalazwa, na mama akaambiwa kwamba afisa wa watoto ataitwa, na huenda mtoto akapelekwa kwenye makao ya watoto. Kwenye ploti yetu, kuta ni mabati na kila mtu anamsikia mwenzake. Wanawake wakaanza kukumbuka jinsi Mama Brian alivyowahi kumfokea mtoto. Pale bombani wakawa wanamnyamazia akifika. Mimi nami nilikuwa pale na ndoo yangu, nimeinama.

Siku sita zilipita hivyo. Siku ya saba jirani mwingine akaleta mtoto wa kukandwa, nikasema nina homa. Bi Rehema akanitazama. Mgeni alipoondoka, Bi Rehema akaniuliza, "Mkono wako unaogopa nini?" Nikamweleza yote huku nalia.

Hakunipigia kelele. Alisema, "Mficha uchi hazai. Mimi nilikufundisha kukanda, na mwenye kukanda akiumiza, husema papo hapo. Umemwacha mwenzio abebe mzigo wako mbele ya watu. Vaa buibui twende."

Hospitalini, daktari aliyekuwa akimtibu Brian alinisikiliza mpaka mwisho. Nilingoja aniitie polisi. Badala yake akauliza, "Ulivuta kwa nguvu?" Nikamwambia hapana, nilivuta kama ninavyowavuta wote, na nikamwonyesha kwenye mkono wake mwenyewe. Akaenda akamfunua Brian kope, akamtazama macho kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Muiteni baba yake."

Baba alikuja kesho yake, sote tukiwepo. Macho yake yalikuwa na usamawati uleule. Akiwa mdogo alivunjika mifupa mara nane, na kwao wakasema ni utundu tu. Hapo daktari akatueleza kwamba ni ugonjwa wa mifupa dhaifu, na usamawati ule wa macho ni dalili yake. Ndani ya mfupa mna protini iitwayo kolajeni, nyuzi tatu zilizosukwa pamoja, kama nywele unavyozisuka. Katika kila uzi, kila nafasi ya tatu lazima ikae asidi amino, yaani kipande kinachojenga protini, iliyo ndogo kuliko zote, glisini, kwa sababu pale katikati ni pembamba. Mara nyingi katika ugonjwa huu, kwenye nafasi moja tu, asidi amino kubwa zaidi imekaa mahali pa glisini. Msuko haukazi, na mfupa unavunjika kwa kuguswa. Kosa hilo mzazi humrithisha mtoto bila kujua.

"Ungesema siku ile ile kwamba ulimgusa kidogo tu," daktari akaniambia, "ningeshuku mifupa kabla ya kumshuku mama."

Nikamgeukia Mama Brian nikamwomba msamaha. Alikuwa amemshika mtoto kama walivyomfundisha, mkono mmoja chini ya makalio na mwingine nyuma ya mabega. Akasema, "Wiki nzima nimekuwa nikijiuliza kama mimi ni mwendawazimu. Kama naamka usiku namuumiza, halafu nasahau. Nilikuwa nimeanza kuamini, Mama Salma."

Kisha akasema, "Nimekusikia." Hakusema amenisamehe. Desemba kura zikapigwa, mji ukachafuka kwa ghasia, na Januari wakabeba mtoto na godoro wakaondoka Kaptembwo pamoja na wengine waliokimbia. Sijawaona tena.

Mwanangu, kuvunja ule mfupa hakukuwa dhambi yangu. Mfupa ulikuwa na hitilafu kabla sijaupaka mafuta. Dhambi yangu ilikuwa zile siku sita. Ukikosea na mtoto wa mtu, au mgonjwa wa mtu, sema kabla hata hujajua kama ni kosa, maana huenda unachokificha ndicho daktari anachokitafuta. Na ukimsikia mtoto akilia nyuma ya bati, kamwulize mama yake kabla hujamhukumu.

Mungu akupe mikono myepesi na ulimi usiochelewa. Na popote alipo Brian, ambaye sasa ni mtu mzima, Mungu amlinde kila anapoteleza, na ampe mama yake usingizi.