Mwanamke wa Malaba na vidonge vya rangi ya asali

Saa moja asubuhi, Malaba bado imefunikwa na ukungu. Malori yamepanga foleni kuelekea mpaka wa Kenya na Uganda, na kando yake Gaudencia Among anapanga chupa juu ya meza ndogo. Anainua moja kwenye mwanga. Ndani yake, vidonge vya mafuta ya samaki vinang'aa kama asali.

Wateja wake ni madereva na akina mama wa sokoni. Huyu analalamika kwamba anasahau sana, yule kwamba moyo umemlemea. Gaudencia huwasikiliza kwanza; kuuza ni baadaye.

Uzito huo anaujua. Miaka michache iliyopita alimzika mtoto wake wa pekee, na tangu hapo, anasema, siku zilimpita kwa mbali, kama watu wanaotembea ng'ambo ya mto. Alisahau sufuria jikoni. Akiitwa, alichelewa kutambua kwamba jina ni lake.

Dada yake, Carolyne, ndiye aliyempeleka kliniki. Akapewa dawa na mshauri wa kuzungumza naye. Alipouliza kuhusu mafuta ya samaki ambayo jirani aliyasifu, muuguzi alimweleza kwamba watafiti hawajakata kauli: huenda yakawasaidia baadhi ya watu, lakini hayachukui nafasi ya matibabu.

Akatumia vyote. Polepole sana, dunia ikapata rangi tena. Siku moja alijikuta akiimba huku anafua nguo, akanyamaza kwa mshangao, kisha akaendelea.

Ndiyo sababu mwaka jana dereva mmoja, Boaz Simiyu, alipotaka chupa kadhaa ili aachane na dawa za msongo wa mawazo alizopewa hospitali, Gaudencia alikataa kumuuzia.

"Boss, mimi nilikunywa zote mbili," alimwambia. "Hata leo sijui ni gani ilinirudisha. Wewe ukiacha moja, utajuaje si hiyo ndiyo inakushikilia?"

Boaz aliondoka kwa hasira. Baadaye akarudi, akaomba asindikizwe kwa daktari. Gaudencia akafunika chupa zake kwa leso, wakaenda kliniki pamoja.

Boaz bado hupitia hapa na lori lake, na bado anatibiwa.

Sasa Gaudencia anatafuta chumba karibu na soko, mahali pa watu waliolemewa kupumzika mchana. Carolyne ameahidi viti.

"Huko sitauza kitu," anasema, akitazama ukungu ukiyeyuka. "Ni chai tu. Mtu akae, hata kama hana la kusema."