Somo la Wakelti na Deni la Bodo

Walisema mwana wa mkwezi hawezi kusimama mbele ya ubao. Walisema baridi ya ng'ambo itanirudisha kabla ya Ramadhani. Nilirudi nilipomaliza, na stashahada ya ualimu wa historia mkononi, wa kwanza kwetu Kinondo, wala sioni haya kulisema.

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja karibu na Msambweni, bendera ilikuwa mpya lakini masomo yalikuwa bado ya Waingereza. Mwalimu Mkuu alilipitia andalio langu la somo, yaani karatasi inayoonyesha utafundisha nini na kwa hatua zipi.

“Utaanza na Wakelti,” akasema. “Wamo katika mtihani.”

Niliwajua kuliko yeye. Nikaeleza kwamba walikuwa watu wa kale wa Ulaya, kabla Warumi hawajawashinda wengi wao. Makuhani wao walifanya ibada msituni, na elimu yao waliihifadhi kichwani, miaka na miaka, bila kuiandika. Darasa lilitulia, maana kaya za wazee wetu, mahali pao pa ibada, nazo zimo misituni. Kisha nikasema Wakelti waliamini sana maisha ya baada ya kifo, hata mtu aliweza kukopesha mali akakubali kulipwa ahera.

Mwanasha, msichana wa Bodo, akainua mkono. “Mwalimu, basi na baba yangu akungojee huko?”

Darasa zima likacheka. Baba yake, Mzee Bakari, mfanyabiashara wa boriti za mikoko, alikuwa amenikopesha nauli ya meli, pamoja na mwenye duka mmoja wa Kombani na shangazi yangu, aliyeuza mbuzi wake. Nami mshahara wangu ungeishia kwenye kodi na mashati.

Juma lile lile niliomba uhamisho wa bara, nyuma ya Kinango.

“Huko maji huchotwa mbali, Mwalimu,” Mwalimu Mkuu alinionya.

“Nyumba ni ya bure, Bwana, na hakuna duka la kunitamanisha.”

Ninyi walimu vijana mnaolalamikia vumbi, hamkuliona lile. Niliugua homa, nikafundisha nikiwa nimeegemea ubao. Wakelti niliwafundisha tena: kwamba utajiri wao ulikuwa ng'ombe, na mkubwa alimpa mdogo ng'ombe wa kufuga, naye akamrudishia maziwa, ndama na utii. Mzazi mmoja Mduruma, mfugaji wa ng'ombe, alisimama mlangoni akisikiliza.

“Hao Wazungu wako,” akaniambia, “mbona nawajua?”

Wanafunzi wangu wote walilijibu vyema swali la Wakelti. Mkaguzi wa shule akaniuliza nilitumia mbinu gani. Nikamwambia, stashahada.

Nimekwisha kustaafu, na vyeo nilivipata baadaye, lakini siku ninayoikumbuka ni ile ya likizo niliposhuka pwani na akiba yangu. Shangazi nilimlipa asubuhi, akalia. Wa Kombani alihesabu mara mbili. Bodo nilifika jua likiwa kali, miguu imevimba.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba. Mwanasha aliniambia utanilipa ahera.”

“Nimewahi kidogo.”

“Umeniharibia,” akasema Mzee Bakari. “Nilitaka nikudai mbele ya malaika.” Akazipokea pesa bila kuzihesabu, akaagiza chakula.

Nilikaa mkekani, mgongo ukutani, nikingoja. Nilipoamka ilikuwa magharibi. Wali ulikuwa umefunikwa kawa kando yangu, na hakukuwa na mtu anayenidai.