Mbuzi aliyelitembeza goti la baba wakati wa Daba

Salaam aleikum wakuu, na habari kwa wale wa makanisani. Hii sikuhadithiwa, niliiona kwa macho haya ambayo leo yanatafuta herufi moja moja kwenye simu.

Miaka ya vita vya Shifta, ile ya sitini, sisi Waborana wa Isiolo tunaiita Daba. Maana yake kusimama, kila kitu kukwama. Serikali ilitufungia ndani ya seng'enge, mifugo ikaisha, watu wakabaki wamekaa tu.

Baba alikuwa mtu wa kwenda Kipsing na kurudi, nyuma ya ng'ombe. Goti lake liliteguka kidogo kabla hatujafungiwa, basi tukamwambia apumzike. Huyu analeta maji, yule analeta chai. Miezi ikapita, goti likakakamaa.

Hofu yake ilikuwa moja: geti lifunguliwe, sisi twende, yeye abaki.

Lakini kumwambia atembee? Thubutu!

"Mtu bila ng'ombe anatembea anaenda wapi?"

Na mnielewe, kwetu mwanamume anayezunguka bila mnyama huonekana akili imeruka.

Mama akatafuta mbuzi. Mmoja, amekonda, sikio limechanika. Akampa baba kamba.

"Abba Guyo," akasema (yaani baba wa Guyo, kaka yangu), "mbuzi haijui kama wewe iko na maumivu. Inataka majani."

Baba akanuna. Mbuzi akapiga kelele. Baba akainuka.

Ikawa hivyo kila siku, kando ya seng'enge, polepole. Siku ya kuachiliwa alitoka kwa miguu yake, mbuzi mbele. Nililia wakuu, sifichi.

Juzi goti langu nalo limeanza. Daktari, kijana mpole wa Meru, akanieleza habari ya gegedu, ile inayozuia mifupa isisagane. Seli zake zimezungukwa na kitu zinachokitengeneza zenyewe, na hazina mshipa wa damu. Zinasikiliza uzito. Ukikanyaga na kuachia, zinatengeneza. Ukikaa tu, zinapunguza kazi na gegedu inakonda. Ukizidisha mzigo, zinaanza kuibomoa. Iliyosagika kabisa hairudi, ila iliyolegea kwa kukaa inaweza kupata nafuu.

Nikamwambia, "Daktari, hiyo ni Daba."

Funzo ni kwamba hata huruma inaweza kumfunga mtu. Wajukuu wangu wananipenda mno. "Akko, kaa. Akko, usiinuke." Maji yanaletwa, chai inaletwa.

Nimewaomba mbuzi. Wanacheka, wanadhani bibi yao anatania.

Semeni wakuu, nani hapo Chechelesi ana mbuzi msumbufu?