Mshono wa Hafumui

Shangazi yangu ni fundi cherehani, nami humsaidia kazi; mtaa mzima unamwita Hafumui. Tangu ajifunze kazi hajawahi kufumua mshono wake, na hilo hulitangaza hata asipoulizwa. Mteja akilalamika kwamba gauni linabana, humtazama tumboni na kumjibu, "Mwanangu, gauni halijakosea."

Barazani pake kuna mtende wa mapambo kwenye ndoo. Mwaka huu kiwavi wa kijani alihamia humo. Usiku alitafuna majani, mchana alijificha ndani ya jani alilolikunja na kulishona kwa hariri yake mwenyewe. Mume wa Shangazi alitaka kumpulizia dawa.

"Thubutu!" Shangazi akafoka. "Fundi mwenzangu huyo."

Kila asubuhi akawa anamkagua na kumsema. "Umeruka hapa. Pindo gani hili?"

Kiwavi akajifungia humo ageuke kipepeo, mwili umejaa unga mweupe kama chaki yetu ya kuchorea vitambaa. Juu aliacha upenyo. Shangazi hakuweza kuuvumilia. Akachukua sindano na uzi wa kijani, akauziba kwa mishono midogo, mizuri ajabu. Nilimsifu, maana ilipendeza kweli.

Jioni moja, tukikunja vitambaa, jani likaanza kutikisika. Likatulia, likatikisika tena, safari hii kwa unyonge. Ndipo tulipoelewa upenyo ule ulikuwa wa nini.

"Anatafuta mlango," mumewe akasema. "Na mlango umeushona wewe, mama."

Shangazi aliukodolea macho mshono wake. Uchungu ulimjaa usoni, na sikujua anamwonea uchungu mdudu au mshono.

"Nipe wembe," akaniambia bila kunitazama.

Akafumua mshono mmoja baada ya mwingine. Akatoka kipepeo wa kahawia, mnene, mwenye macho mekundu na vipapasio vilivyopinda nchani kama ndoano. Alining'inia pale hadi mabawa yakajikunjua. Giza lilipoingia akachomoka kwa kasi, hatukuona hata alikoelekea.

"Ndiye huyo tu?" mumewe akacheka.

"Huyo huyo," Shangazi akajibu, akijifuta machozi bila kuficha.

Kesho yake mteja mmoja aliyewahi kuambiwa gauni halijakosea alirudi nalo, maneno yamemjaa mdomoni. Kabla hajayatoa, Shangazi alishampokonya gauni.

"Lete nifumue," akasema. "Na usicheke."