Nyumba ya Fito Ndani ya Nyumba ya Mawe

Gari la abiria kutoka Kinna linasimama kwenye kizuizi cha polisi, na wanawake sita wanashuka wakinung'unika. Ni saa mbili asubuhi na jua la Isiolo tayari limeanza ukali wake. Upande wa kulia askari anawapekua wanaume. Upande wa kushoto amesimama mwanamke mrefu, koti la sare juu ya gauni, mtandio wa kijivu, bunduki mgongoni.

"Nagaa, mama," anasalimu kwa Kiborana. "Hiyo kikapu iko na nini?"

"Iko na nyanya. Si uko na macho?"

"Macho imeona. Sasa mkono pia inataka kuona," anajibu, na mkono unaingia kikapuni. Wote wanacheka, hata mwenye kikapu.

Huyo ndiye Bisharo Umuro, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, mama wa watoto wanne na polisi wa akiba kwa mwaka wa tano sasa. Siku tatu kwa wiki yuko kizuizini au anasindikiza mifugo na wanawake wanaokwenda kutafuta kuni. Siku zilizosalia anauza maziwa ya ngamia katika hoteli za mjini. Maziwa ndiyo yanayomlisha: kwa siku nzuri humwachia faida ya shilingi mia sita. Uaskari, anasema, una posho inayokuja ikitaka.

Alijiungaje? Wanawake wa mtaa wake walikuwa wamekataa katakata kupekuliwa na wanaume, na wazee wakaombwa wapendekeze mwanamke.

"Walikuwa wanatafuta mama hana woga na hana aibu," anasema. "Majirani wote wakataja jina langu. Hata sikujua ni sifa ama ni matusi."

Mwandishi huyu hakwenda Isiolo kwa sababu ya bunduki wala maziwa. Alikwenda kwa sababu ya nyumba. Mjini kulikuwa na kicheko kuhusu mwanamke aliyejenga nyumba ndani ya nyumba, na kicheko cha watu wengi mara nyingi kina mtu mmoja anayeumia.

Kwa Waborana, nyumba ni ya mwanamke. Yeye ndiye hukata fito, huzikunja, huzifunga kwa kamba na kuzifunika kwa mikeka. Familia ikihama, yeye ndiye huivunja na kuipakia mgongoni mwa ngamia. Mume huja nyumbani kwa mkewe, na wakikosana vibaya hutafuta pa kulala. Bisharo alisaidiwa na mama yake kufunga nyumba yake ya kwanza siku ya harusi, na tangu hapo ameihamisha mara nyingi kiasi kwamba hahesabu tena.

Mara ya mwisho aliisimamisha katika uwanja wa binamu wa mumewe, mtaa wa pembezoni kwenye njia ya kwenda Leparua. Binamu alikuwa mtu wa heshima, lakini wanawe walikuwa wamekua na wanataka kuoa. Hakusema ondokeni. Aliuliza tu, kila Ijumaa, kama mvua imenyesha huko malishoni.

"Mtu akikuuliza mvua kila wiki na wewe hauna hata mbuzi moja hapo, ujue anakufukuza," anasema Bisharo.

Ndipo akasikia habari za Mlinzi Sacco, chama cha akiba na mikopo cha askari wa muda. Mwanachama wa kawaida anayetaka mkopo wa nyumba hutoa kwanza amana ya asilimia ishirini. Askari wa akiba aliyetumikia miaka mitatu husamehewa amana hiyo. Sharti ni moja: aendelee kutumikia miaka mitatu mingine. Akirudisha bunduki kabla ya hapo, amana inadaiwa yote kwa mkupuo.

Kwa nyumba ya vyumba vitatu, amana ingekuwa shilingi laki moja na elfu ishirini na nane. "Hiyo pesa mimi sijawahi hata kuota nayo," anasema.

Riba ilimsumbua zaidi. Yeye ni Mwislamu na alitaka kulala usingizi. Akamwendea sheikh wa msikiti wa mtaani, naye akauliza swali moja: wanakupa pesa au wanakupa mawe? Chama hununua mawe, saruji na mabati, kisha humuuzia mwanachama kwa bei yenye faida inayotajwa tangu siku ya kwanza. Bei haipandi hata akichelewa. Sheikh akasema hiyo ni biashara, si riba, na Bisharo akatia sahihi. Atalipa elfu nane na mia tano kila mwezi kwa miaka saba.

Vifaa hutolewa kwa awamu tatu: msingi, kuta, paa. Msingi ukachimbwa kwenye ploti yake. Fundi Achuka, Mturkana mpole asiyeongea akiwa na mwiko mkononi, akapandisha kuta za mawe na udongo hadi linta, juu ya milango na madirisha, kwa wiki tano. Ilibaki paa, na Bisharo akafanya kosa ambalo labda lingefanywa na mwanamke wa kwao peke yake.

Alihama.

Wezi walikuwa wameanza kuiba mawe usiku, na binamu alikuwa ameulizia mvua mara mbili katika wiki moja. Kwa hiyo Bisharo akaivunja nyumba yake ya fito, akaipakia kwenye mkokoteni wa punda, akaisimamisha upya katikati ya sebule, ndani ya kuta za mawe zisizo na paa. Kuta zilizuia upepo. Mikeka ilizuia jua. Familia ikalala vizuri kuliko miaka yote iliyopita.

"Mimi niliona ni akili," anasema. "Nyumba mbili na mlinzi moja."

Kisha akaja Mworia, afisa wa chama anayekagua ujenzi kabla ya kila awamu. Mmeru huyu, kijana mwenye adabu na viatu visivyopenda vumbi, alipita mlangoni akakuta mlango mwingine. Anakiri kwamba alisimama hapo muda mrefu.

"Nikamuuliza, mama, hii nyumba ni ya nani? Akasema ni yake. Nikauliza, na hii ingine? Akasema pia ni yake. Nikakosa la kuandika."

Aliloandika hatimaye halikuchekesha. Bima ya chama hairuhusu watu kukaa katika jengo ambalo halijaisha. Awamu ya paa ikasimamishwa hadi jengo liwe tupu, na akatoa muda hadi Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Baada ya hapo mabati yangesubiri fungu jingine la fedha, na fungu hilo lingekuja baada ya mvua za masika. Kuta bila paa katika mvua za masika! Achuka, kwa mara ya kwanza, alifungua mdomo: "Hiyo udongo ya katikati ya mawe itaoshwa yote."

Kuhamisha nyumba ya fito ni kazi ya asubuhi moja. Bisharo alipanga kuifanya Jumamosi. Alhamisi akaitwa kazini: mifugo ya mtaa ilikuwa inapelekwa kwenye visima vya kaskazini, na wanawake walikuwemo msafarani. Siku kumi, zinazovuka Ijumaa ile. Kukataa kungekuwa kurudisha bunduki, na kurudisha bunduki ni kudaiwa amana.

Hapo mumewe, Abdub, akasimama. Abdub ni mtu wa ngamia, maneno yake machache.

"Nilimwambia rudisha hiyo bunduki," anasema Abdub bila kuzunguka. "Tutakaa kwa fito zetu, tumezoea. Nyumba ya mawe na mama amekufa, watoto watafanyia nini?"

Waligombana. Bisharo hafichi. "Nilimwambia yeye akilala nje na ngamia hakuna mtu anamwambia arudi. Mimi nikilala nje, ati watoto." Akaondoka bila kumuaga, na jambo hilo linamuuma hadi leo.

Usiku wa nne, wezi wa mifugo walijaribu bahati yao. Risasi mbili zilipita juu ya kisima. Askari wakajibu, wezi wakakimbia, hakuna aliyeumia ila mbuzi mmoja aliyevunjika mguu kwa kukanyagana. Bisharo anasimulia kana kwamba anasimulia bei ya maziwa. Lakini asubuhi yake alipanda juu ya kilima chenye mtandao akapiga simu mbili.

Ya kwanza ilikwenda kwa Mworia. Hakuomba muda zaidi. Aliuliza: "Nikifa huku, hiyo nyumba ni ya nani?"

Mworia akamjibu ilivyo: akifa kazini, deni linafutwa na nyumba inabaki ya watoto. Lakini hiyo ni kwa nyumba iliyokamilika. Kuta bila paa hazina bima.

Ya pili ilikwenda kwa Abdub. Kwa desturi, kamba ya kwanza ya nyumba hufunguliwa na mwenye nyumba mwenyewe. Hakuna mume mwenye akili timamu anayeigusa nyumba ya mkewe, na mwanamume akionekana anafunga fito, wanawake wana la kusema mwaka mzima.

"Nilimwambia neno moja tu," anasema Bisharo. "Fungua."

Abdub akauliza, "Nianzie wapi?"

Ijumaa asubuhi, mtaa mzima ukitazama, Abdub alivunja nyumba ya mkewe. Bintiye Zeinab, mwenye miaka kumi na sita, alimwelekeza. Wanawake walikaa juu ya rundo la mawe wakampigia vigelegele kama bi harusi. Walipochoka kucheka wakataka kumsaidia, lakini akakataa. Alikunja fito zote, akazitoa nje ya kuta, akazisimamisha nyuma ya ploti. Mworia alipofika baada ya swala ya Ijumaa, alikuta vyumba vitatu vitupu vilivyofagiwa. Akatia sahihi palepale.

Bisharo alirudi Jumapili. Nyumba yake ilikuwa imeinama upande kama mzee anayetafuta sarafu, mikeka imefunikwa kinyume, upande wa nje ndani, na mlango unatazama choo.

"Nilicheka mpaka nikakaa chini," anasema. "Halafu nikalia. Huyo mtu hakutaka mimi nikuwe askari. Na amechekwa na Isiolo yote ndio nibaki askari."

Leo jioni, baada ya zamu ya kizuizini, Achuka yuko juu ya mihimili akipigilia mabati. Mawingu yamejikusanya upande wa mlima. Mabati manne yamebaki, na Achuka anasema atayamaliza kesho kabla ya adhuhuri, mvua ipende isipende.

Bisharo amepanga maisha yake. Atatumikia miaka mitatu iliyobaki, atarudisha bunduki, atanunua friji ya maziwa. Fito atazihifadhi juu ya mihimili kwa ajili ya harusi ya Zeinab.

"Mimi nataka ya mawe, mama," anasema Zeinab kutoka jikoni.

"Basi jiunge na polisi," anajibiwa.

Nyumba iliyoinama bado iko nyuma ya ploti, na usiku wa leo familia italala humo kwa mara ya mwisho. Bisharo hakuinyoosha, hakugeuza hata mkeka mmoja. Mwandishi anamuuliza ni nani kesho atakayeivunja, kwa kuwa desturi inasema kamba ya kwanza ni ya mwenye nyumba.

Bisharo anamtazama mumewe, aliyeshikilia ngazi ya Achuka kwa mikono miwili.

"Kamba ya kwanza ni yangu," anasema. "Ya pili nimempa yeye."